Kapu la Mgeni

Chungwa lenye jani halijaoshwa. Mtu aliyekulia Muheza analijua hilo kabla hajajua kuandika jina lake, na mimi nimekulia Muheza. Kwa hiyo asubuhi ile nilipowasha kioo cha ofisini na kukuta hukumu ya banda la Bi Mwanamkuu Kupaza, sikusoma maneno kwanza. Nilitazama picha. Machungwa arobaini kwenye sinia nyeupe ya maabara, thelathini na moja yamevaa ukungu wa kijani, na katikati ya uozo ule, kwenye vikonyo, yalikuwepo majani. Yamekauka na kujikunja, lakini majani.

Nilikaa chini bila kuangalia kama kiti kipo.

Hukumu yenyewe ilikuwa fupi, kama hukumu zote zinazoandikwa na watu wasiofika shambani. Ilisema sampuli ya banda hilo iliyowekwa maabara imeoza ndani ya siku tisa. Kwamba kinachotumika pale kuzuia ukungu, yaani magadi, hakizuii chochote. Kwamba masanduku mia nne na kumi ya Bi Mwanamkuu, yaliyozuiwa hapa kwenye Lango la ukaguzi wa matunda tangu sampuli ilipoanza kuoza, yateketezwe leo saa kumi alasiri. Na kwamba kuanzia leo ni kosa kwa mtu yeyote wilayani kuosha tunda la kuuza kwa magadi, siki, chumvi au kitu kingine chochote cha jikoni. Chini kabisa paliandikwa jina la mkaguzi aliyeileta sampuli: Yudita Semng'indo.

Yudita Semng'indo ni mimi. Na kapu lile sikulileta kama sampuli.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka safari ya siku kumi na moja kwenye malango ya milimani. Vumbi la Amani lilikuwa bado kwenye viatu vyangu. Nje, malori ya Siha-Tunda yalikuwa yanapita moja baada ya jingine, kila moja linasimama sekunde tatu, taa inawaka kijani, linaondoka. Hayanuswi. Matunda yake yamepuliziwa Utando, ule ute hai ambao kampuni hiyo huukuza kwenye matangi, unaolivaa tunda na kung'aa, na ndani yake mna alama inayosomwa na nguzo za Lango. Tunda lenye alama linapita kwa alama. Tunda lisilo na Utando ndilo linalowekewa Pua, kifaa nilichokuwa nakivaa begani, kinachovuta hewa iliyolizunguka tunda na kuhesabu punje za mbegu za ukungu ndani yake. Zikizidi hamsini, tunda linaenda shimoni.

Yaani mwenye koti jipya haulizwi kama ana homa. Nilifanya kazi miaka sita chini ya utaratibu huo na sikuwahi kuuona ujinga wake. Nilikuwa darasa la nne ilipofika miaka ya Ukungu Mkuu, malori yanatiririka maji ya uozo barabara nzima, maembe, mananasi, machungwa, yote yanaoza kabla ya kufika Chalinze. Tulioyaona yale tulilishukuru Lango. Anayepulizia Utando husaini kwamba atamuuzia Siha-Tunda peke yake maisha yake yote, na hilo nalo tulilishukuru.

*

Siku kumi na mbili kabla ya asubuhi hiyo nilikwenda Kwemdimu na Pua yangu, kwa sababu banda la Bi Mwanamkuu halikuwa limesaini.

Ni banda la paa la bati na nguzo za miti, limezungushiwa kamba ya katani. Nilipotaka kuipita kamba ile, mwanamke mmoja mrefu aitwaye Tunu, mke wa mtoto wa Bi Mwanamkuu, alinizuia kwa kisu cha kumenyea.

"Mikono kwanza."

"Mimi mkaguzi wa Lango. Sishiki tunda, nanusa tu."

"Hata aje nani, hapa anaonyesha mikono. Lete."

Nikaonyesha. Nilikuwa na kucha ndefu, nyekundu, za kupaka. Banda zima liliangua kicheko.

"Hizo kucha au majembe?" Tunu aliuliza. "Kaa huko huko nje ya kamba, dada. Ukungu hauna meno. Chungwa zima hauwezi kuliingia, mpaka mtu mwenye kucha kama zako aufungulie mlango."

Nilitega Pua kutoka nje ya kamba, nikiwa nimekasirika kidogo, nikawatazama. Wanawake kumi na wawili, kucha zimekatwa hadi kwenye nyama. Chungwa likiingia linakatwa jani na kikonyo kwa mkasi, sawasawa na ganda, ili lisimchome jirani yake. Lililochubuka hata kidogo linatupwa kwenye ndoo ya juisi. Lililo zima linaoshwa kwa maji matupu, kisha linakwenda kwenye pipa lililokatwa nusu, ambamo Bi Mwanamkuu alikuwa amepasua magadi, yale yale ya kuivishia makande, na kuyayeyusha.

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini hivi, kanga kiunoni, mikono minene. Aliinama akatumbukiza kiwiko kwenye maji.

"Ya mtoto au ya mzazi?" Tunu alimuuliza.

"Yamekaribia ya mzazi. Ongeza baridi."

Aliponiona nimekunja uso alinieleza kwa upole, kama vile si mkaguzi bali mtoto wa jirani, na kweli ndivyo nilivyokuwa. "Maji ya kumkanda mzazi yanababua ganda, mwanangu. Ya kumwogesha mtoto mchanga ndiyo yanayofaa. Yakipoa zaidi ya hapo, magadi yanalala tu, hayafanyi kazi."

"Yanakaa humo dakika ngapi?"

"Tunu anamenya machungwa matatu. Ganda lisikatike. La tatu likiisha, tunatoa."

Nilichora yote hayo moyoni, nikiyageuza kuwa namba kama nilivyofundishwa: nyuzi arobaini hivi, dakika tatu, magadi ngumi moja kwa ndoo. Baada ya hapo chungwa linasuuzwa mara moja, linaanikwa kivulini juu ya chanja, halishikwishikwi.

"Magadi yanaua ukungu?" niliuliza.

"Hayaui. Watu wanadhani yanaua. Yanaunyima kuota. Mbegu iko pale pale, lakini inakaa kwenye ukali ule kama kunde kwenye ardhi ya chumvi. Ndiyo maana ukilichubua chungwa baada ya kuliosha, umefanya kazi bure." Akacheka. "Mama yangu alifanya hivi miaka ile ya Ukungu Mkuu. Wakubwa wakaja, wakatutazama, wakasema hayo mambo ya jikoni. Machungwa yetu yalikaa mwezi na siku."

Pua ililia mara moja. Nikasoma namba, nikaipiga kofi, nikaisoma tena. Punje tatu. Kwa miaka sita sikuwahi kuona namba chini ya kumi.

Nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu nataka ijulikane kwamba nilifurahi. Niliituma namba ile Lango pale pale, nikafunga Pua, nikaaga. Ndipo Bi Mwanamkuu alipoingia nyuma ya nyumba yake, akatoka na kapu la ukindu limejaa machungwa ya mchungwa wa uani, kila moja na jani lake.

"La mgeni," alisema. "Haya hayajaguswa na magadi. Mgeni hapewi kitu kilichopita dukani wala bandani. Anapewa la mtini na jani lake, aone kwa macho yake kwamba limechumwa leo kwa ajili yake."

Sheria ya Lango inamkataza mkaguzi kupokea hata kokwa. Ninaijua kwa moyo, nilikula kiapo juu yake. Lakini ninajua pia maana ya kukataa kapu mbele ya wanawake kumi na wawili wanaokutazama. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Njiani nilikula mawili. Yalikuwa matamu sana, na mpaka leo nachukia kwamba naukumbuka utamu wake.

Nilipofika Lango, Dokta Ndimbo, Mkuu wa Lango letu, alikuwa amesimama ngazini na kikombe chake cha kahawa.

"Yudita, kapu hilo la nini?"

Ningeweza kusema la mama yangu. Ningeweza kusema nimenunua. Kati ya uongo wote uliokuwepo duniani nilichagua ule ulioonekana wa kikazi zaidi.

"Sampuli, Dokta. Kutoka Kwemdimu."

Aliyahesabu kwa kidole. Yalibaki arobaini kamili, kama yaliyopangwa. "Safi sana," alisema. "Yapelekwe maabara." Kesho yake alfajiri nikapanda milimani, na kusema kweli nilipofika Amani nilikuwa nimeshasahau.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikwenda, na mwenyeji akaangamia. Sheria inasema palipo na sampuli, namba ya Pua haihesabiki. Punje tatu zangu zilifutwa na kapu langu mwenyewe.

*

Niliingia ofisini kwa Dokta Ndimbo saa tano, sikubisha hodi. Juu ya meza yake palikuwa na bakuli la machungwa ya Siha-Tunda yanayong'aa kama viatu vya askari. Kampuni humletea kila wiki. Hayo yanaitwa ya maonyesho, siyo zawadi.

"Kapu la Kwemdimu halikuwa sampuli," nilisema. "Nilipewa kama mgeni. Yale machungwa hayakuoshwa kwa magadi hata mara moja. Tazama majani, Dokta. Banda lile halitoi chungwa lenye jani."

Hakutazama picha. Alinyanyuka akafunga mlango.

"Sikukusikia," alisema.

"Nasema nilipokea zawadi nikakudanganya."

"Nasema sikukusikia, Yudita, na ninakufanyia hisani." Alikaa, sauti yake ikawa ya kibaba. Yeye si mtu mkali, na hilo ndilo linaloudhi. "Ukiliandika neno hilo, sampuli inafutwa, sawa. Na wewe unafutwa. Leseni, Pua, nyumba unayoishi. Hutasimama kwenye lango lolote nchini mpaka unakufa. Ulisoma miaka mingapi?"

"Saba."

"Miaka saba, kwa machungwa ya bibi mmoja."

"Masanduku yake yako hapo nje, yamekaa juani siku saba! Nimeyapitishia Pua sasa hivi. Punje nne. Siku saba juani, punje nne! Sema wewe, ni lini umeona namba hiyo?"

"Namba ya Pua haihesabiki palipo na..."

Hakumaliza kwa sababu nilinyoosha mkono nikachukua chungwa moja kwenye bakuli lake. Pua hukataa kunusa tunda lenye alama, lakini ina kitufe cha mkono, cha matengenezo. Nilikibonyeza. Kisha kwa ukucha wangu wa kidole gumba, ule ule uliochekwa na Tunu, nikautoboa Utando.

Harufu ilitoka kabla ya namba. Ganda lilibonyea kama tope, na chini ya ule mng'aro mzuri kulikuwa na unga wa kijani umejibana. Pua ililia, ikaendelea kulia. Punje mia mbili na kumi na mbili.

Nilimtazama Dokta Ndimbo usoni nikitarajia mshtuko. Hakushtuka. Alichukua kitambaa akalifunika bakuli.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu msimu uliopita. Ukungu umejifunza kukaa chini ya Utando. Sio kila tunda, labda moja kati ya matano. Siha-Tunda wanakuza Utando mwingine, wanasema miaka miwili."

"Na wewe unapitisha malori."

"Nikisimamisha, kila lango nchini litasimamisha. Utayaona tena yale malori, Yudita. Unayakumbuka? Mimi nayakumbuka. Watu wataacha kununua matunda, wakulima elfu ngapi watang'oa miti. Nanunua miaka miwili ya utulivu." Alisema kwa uchovu, na nadhani aliamini. "Halafu katikati ya utulivu huo anatokea bibi na sufuria yake na punje tatu. Kila mtu atauliza, kama magadi ya makande yanaweza, huu Utando ni wa nini? Swali hilo lisiulizwe sasa. Baadaye, sawa. Sasa hapana."

"Kwa hiyo magadi lazima yashindwe."

"Yameshindwa. Kuna picha. Na aliyeleta kapu ni wewe, si mimi."

Nilitaka kumtupia lile chungwa. Nilisimama nalo mkononi, maji ya uozo yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko, nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote. Kilichonikera zaidi ni kwamba sentensi yake ya mwisho ilikuwa ya kweli.

*

Saa nane wanawake wa Kwemdimu walikuwa wamefika, wote kumi na wawili, wamekaa kwenye majani karibu na masanduku yao. Sheria inamtaka mwenye mali ashuhudie uteketezaji na kuweka dole gumba. Bi Mwanamkuu alikuwa ameegemea sanduku moja, anamenya chungwa polepole, ganda linashuka kwa uzi mmoja.

Nilichuchumaa mbele yake. "Shikamoo, Bi Mwanamkuu."

"Marahaba, mwanangu. Za milimani?"

Wamekuja kuchomewa mavuno na ananiuliza za milimani.

"Umeiona picha?" niliuliza.

"Nimeonyeshwa."

"Basi umeona majani. Unajua lile ni kapu gani."

"Najua."

"Sema basi! Wakikuuliza shimoni kama una neno, sema lile ni kapu la mgeni, nilimpa mkaguzi. Wewe ndiye mwenye mali. Ukisema wewe, uchomaji unasimama hapo hapo."

Aliendelea kumenya. "Niseme nilimpa mtu machungwa?"

"Ndiyo."

"Nisimame mbele ya watu nihesabu, nilimpa fulani hiki na hiki, akala?"

"Si kuhesabu, ni..."

"Ni masimango," alisema. "Hayana jina jingine. Mama yangu alinifundisha kuosha machungwa na alinifundisha kutomsimanga mtu aliyekula kwangu. Sitashika moja nikaacha la pili kwa sababu ya moto. Mgeni akishakula, mdomo wangu umefungwa." Ganda lilianguka chini zima. Aliinua macho, na hayakuwa na upole wowote. "Wa kwangu ndio uliofungwa. Wa kwako nani kaufunga?"

Tunu alikuwa amesimama nyuma yake. "Mwache, mama. Anataka umwoshee na hilo. Kucha zile hazijawahi kuosha hata sahani."

Niliondoka. Nilikwenda nyuma ya choo cha madereva nikalia kwa hasira, na hasira hiyo nilimpa kila mtu. Nilimpa Ndimbo na miaka yake miwili. Niliwapa Siha-Tunda na ute wao. Nilimpa hata Bi Mwanamkuu: adabu gani hii ya kukubali kuunguziwa kwa kuogopa kuonekana umemsema mtu? Mpaka zilipobaki dakika chache nikamfikia niliyekuwa namkwepa. Nilikuwa nimemwendea mwanamke wa miaka sabini kumwomba aniokoe na aibu ambayo nilijitia mwenyewe. Aseme yeye, ili mimi niwe nimesemwa tu, nisiwe nimekiri. Nilitaka anipe kapu la pili.

*

Shimo liko nyuma ya Lango, limejengewa saruji, na pembeni yake pana mlingoti wenye chombo tunachokiita Karani. Kwa kuwa uteketezaji hauna rufaa, kila neno linalosemwa pale Karani hulichukua na kulipeleka kwenye malango yote nchini papo hapo, na panapovunjwa sheria hutamka uamuzi mwenyewe. Hakuna mtu mwenye ufunguo wa kulifuta, hata Dokta Ndimbo.

Masanduku yalishushwa. Machungwa yalikuwa mazuri, jamani. Sikuona lililooza hata moja. Yalikuwa na ile rangi ya machungwa ya Muheza, nusu kijani nusu njano, ganda kavu, safi. Mafuta yalimwagwa juu yake, na mmoja wa wanawake akapiga yowe dogo akaziba mdomo.

Dokta Ndimbo alisoma hukumu. Alisoma vizuri, bila kukwama. Kisha akauliza kama sheria inavyotaka, "Mwenye mali, una neno?"

Bi Mwanamkuu alitikisa kichwa. Alinyoosha dole gumba kuelekea kwenye kibao.

"Mimi nina neno," nilisema.

"Mkaguzi hana nafasi hapa," Dokta Ndimbo alisema haraka.

"Kapu lile si sampuli." Nilisogea mpaka chini ya mlingoti, nikainua uso kwa Karani kama kichaa. "Mimi Yudita Semng'indo, mkaguzi wa Lango hili. Machungwa arobaini yaliyoozea maabara ni zawadi. Nilipewa kwa kuwa nilikuwa mgeni, nikapokea, nikala mawili njiani. Nilipoulizwa nikadanganya, nikasema sampuli. Hayakuoshwa. Yana majani. Mtoto yeyote wa Muheza akiitazama ile picha atakwambia. Yaliyooshwa kwa magadi ni haya yaliyomwagiwa mafuta sasa hivi, na yana punje nne baada ya siku saba juani."

"Inatosha, Yudita."

"Na leo asubuhi nimetoboa chungwa lenye Utando kutoka meza ya Mkuu wa Lango. Punje mia mbili na kumi na mbili! Lango linajua tangu msimu uliopita. Nuseni yenu. Kila mwenye Pua anisikiaye, bonyeza kitufe cha mkono, toboa, nusa."

Nilimwona Dokta Ndimbo anavyonitazama. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kwa huzuni, kama mtu aliyemwona mwenzake anavunja ukuta wa bwawa. Huenda ni kweli. Huenda kesho maelfu ya miti itang'olewa na mtu atakuja kuniuliza. Nimeshaamua nitakachomjibu: muulize aliyekuambia uote moto wakati nyumba inaungua.

Karani akasema, kwa sauti ile ile moja isiyo na mtu ndani yake:

"Sampuli imefutwa kwa kuguswa na zawadi. Uteketezaji umesitishwa. Katazo la magadi limesitishwa. Leseni ya mkaguzi imefutwa. Mkaguzi akabidhi kifaa."

Askari wa Lango akanivua Pua begani. Bega langu likawa jepesi upande mmoja, nikasimama nimelala upande kama mbuzi mwenye mguu mbovu. Nilijua nimepoteza kila kitu nilichosomea, na sikujihisi shujaa. Nilijihisi mtu aliyechelewa.

Wanawake walikuwa wameshaanza kuyapangua masanduku, wanatafuta yasiyoguswa na mafuta. Hakuna aliyeshangilia. Zaidi ya nusu yalikuwa yameharibika, mafuta ya taa hayatoki kwa magadi wala kwa dua. Nilikwenda nikasimama karibu nao, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda.

Bi Mwanamkuu alikuja akasimama mbele yangu. Nilidhani atanikumbatia, na nikaona haya kwa kudhani hivyo.

"Siku saba," alisema. "Machungwa yangu yamekaa kwenye jua lile kwa neno lako moja. Nilikuwa nawaambia hawa, ngojeni, ni mtoto wa hapa, atasema. Asubuhi nawaambia, atasema. Mchana atasema. Mpaka mafuta yanamwagwa!"

"Nisamehe, Bi."

"Sijui kama nimekusamehe. Nitaona." Aliinama kwenye sanduku lililookoka, akachagua, akanisukumia chungwa kifuani. "Kula. Tangu asubuhi hujala, unanuka njaa."

Nililigeuza mkononi. Halikuwa na jani. Kikonyo kilikuwa kimekatwa sawasawa na ganda, na ganda lilikuwa na ule ukavu mdogo unaoachwa na magadi. Halikuwa chungwa la mgeni. Nilimtazama, lakini yeye alikuwa ameshageuka, anawaelekeza wenzake walifunge lipi na waliache lipi.

Ni Tunu aliyenisemesha, bila kuniangalia, huku anainua upande mmoja wa sanduku na kunisubiri nishike wa pili.

"Kesho tunachuma shamba la juu. Tunaanza jua halijatoka." Kisha akatazama mikono yangu. "Na huingii kwenye kamba na hizo."

Sikuwa na mkasi. Nilizikata pale pale kwa meno, moja moja, nikizitema shimoni. Ule wa kidole gumba ulikuwa bado unanuka chungwa la Dokta Ndimbo.